Je, wajua kwa nini wanaosomea hali ya hewa hukutana na hesabu kabla ya mawingu?

Anayeingia chuo kikuu kusomea hali ya hewa huwa na picha yake kichwani: radi, vimbunga, mawingu mazito. Akifika hukuta kalkulasi, fizikia na uandishi wa programu za kompyuta, na wapo wanaodhani wamekosea darasa. Mawingu yapo, ila yamepangwa baada ya milinganyo.

Sababu ni kwamba anga ni hewa inayotiririka, na mtiririko una kanuni zake. Mwaka 1904 Vilhelm Bjerknes wa Norway alieleza kuwa ukiijua vizuri hali ya anga ya sasa, na ukazijua kanuni zinazoibadili, ya kesho unaweza kuikokotoa. Vya kufuatilia ni saba tu: mgandamizo wa hewa, msongamano wake, joto, unyevu, na upepo katika pande zake tatu.

Aliyethubutu kuikokotoa kwa mkono ni Mwingereza Lewis Fry Richardson. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akihudumia majeruhi kwa gari la wagonjwa huko Ufaransa, alichukua vipimo vya tarehe 20 Mei 1910 na kukokotoa kwenye karatasi jinsi mgandamizo wa hewa ungebadilika kwa saa 6 karibu na Munich. Akapata kwamba ungepanda kwa hektopaskali 145 (hektopaskali ni kizio cha kupimia mgandamizo wa hewa). Siku yenyewe haukusogea kwa kiasi cha kutajwa.

Kosa hilo ni kubwa kiasi gani? Usawa wa bahari, mgandamizo wa kawaida ni kama hektopaskali 1013. Kiwango cha chini kabisa kuwahi kupimwa usawa huo ni 870, katikati ya kimbunga Tip cha Pasifiki mwaka 1979. Tofauti yake ni 143. Yaani kwa karatasi za Richardson, siku tulivu ya Mei ilipita pengo hilo lote kabla ya chakula cha jioni!

Milinganyo haikuwa na kosa. Fikiria tangi lenye bomba kubwa la kuingiza maji na jingine kubwa la kuyatoa. Maji yanayoingia na kutoka yanakaribia kulingana, kwa hiyo kina hakibadiliki sana. Sasa pima kila bomba ukosee kidogo tu: hesabu itakwambia tangi linafurika, na wewe unaliona limetulia. Upepo juu ya kipande cha ardhi ndivyo ulivyo. Miaka mingi baadaye Peter Lynch wa Ireland alirudia kazi ile ile baada ya kulainisha vipimo vya mwanzo, na badiliko likawa chini ya hektopaskali 1.

Richardson alilichapisha kosa lake mwaka 1922 bila kulificha. Kwangu mimi hilo ndilo somo lenye faida kuliko mengi ya mwaka wa kwanza, kwa sababu linaonyesha kuwa kujua kanuni hakutoshi. Lazima ujue pia kosa dogo la kipimo litakua vipi. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtafiti wa Marekani, aliingiza 0.506 kwenye kompyuta badala ya 0.506127, na baada ya muda hali ya hewa aliyokuwa akiiigiza ikawa nyingine kabisa. Ndiyo maana utabiri wa siku kwa siku huanza kupotea njia unapokaribia wiki mbili.

Hapo mwanafunzi mwerevu huuliza: mbona basi mnazungumzia miaka 50 ijayo? Ni kwa sababu swali si lile lile. Tabianchi, yaani wastani wa hali ya hewa kwa miaka mingi, haiulizi Jumanne mvua itanyesha saa ngapi. Inauliza nishati kiasi gani inaingia kutoka juani, kiasi gani inatoka, na wastani utatulia wapi. Mwaka 1967 watafiti Syukuro Manabe na Richard Wetherald waliigiza kwenye kompyuta safu moja tu ya hewa, kutoka ardhini kwenda juu, wakaongeza kaboni dioksidi mara mbili. Uso wa dunia ukapata joto la nyuzi 2.36 zaidi, lakini hewa ya juu kwenye stratosfia, tabaka la anga lililo juu ya mawingu ya mvua, ikapoa. Jua lingekuwa ndilo lililoongeza nguvu, huko juu nako kungepata joto. Setilaiti zimepima, na stratosfia inapoa.