Kitaa cha kijani si uthibitisho kwamba pawa saplai ni nzima

Kwetu Tanga husemwa mara nyingi kwamba kompyuta ya mezani ikigoma kuwaka, ilhali kitaa cha kijani kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) kinaonekana, basi pawa saplai (kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme) ni nzima na mazabodi ndiyo iliyoungua. Hukumu hiyo ni ya haraka, na huwagharimu watu fedha bure.

Kitaa hicho hulishwa na njia ya kusubiria ya volti 5, ambayo hubaki hai muda wote kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye umeme, hata ikiwa imezimwa. Njia kuu za volti 12, 5 na 3.3 huanza kazi pale tu swichi inapobonyezwa na mazabodi kuushusha waya wa kijani wa pawa saplai hadi karibu na volti sifuri. Kwa hiyo, njia ya kusubiria inaweza kuwa nzima huku zile kuu zimekufa.

Wakati mwingine kosa ni dogo zaidi. Nimewahi kukuta swichi ya mbele imeota kutu ndani kwa hewa ya chumvi ya pwani yetu. Nilipochomoa waya wake na kugusanisha pini zake mbili kwenye mazabodi kwa ncha ya bisibisi, kwa sekunde moja tu, feni zikazunguka. Mazabodi isihukumiwe kabla swichi na pawa saplai hazijapimwa kwa mita.