Terminali ya video ni nini, na inaunganishwaje na kompyuta ya leo

Mtumiaji wa Linux akifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri huliita terminali. Dirisha hilo ni mwigo. Terminali yenyewe ilikuwa kifaa cha mezani, kizito, chenye skrini ya tyubu na kibodi, kilichofungwa kwa waya kwenye kompyuta iliyokaa chumba kingine au hata jengo jingine. Jina `tty` tunaloliona kwenye faili kama `/dev/ttyS0` lina umri mkubwa kuliko skrini zenyewe. Limetokana na teletaipu, mashine zilizochapa majibu kwenye karatasi, kama Model 33 ya mwaka 1963 iliyokwenda mwendo wa herufi 10 kwa sekunde. Terminali ya video ilirithi kazi ileile ikaachana na karatasi.

Kazi hiyo ni ya aina mbili tu. Kitufe kikibonyezwa, terminali hupeleka namba ya herufi hiyo kwenye waya. Namba ikija kutoka upande wa pili, terminali huchora herufi yake kwenye skrini. Haiendeshi programu zako, haina diski, haihifadhi faili. Ndani ya VT100 ya kampuni ya DEC, iliyotoka mwaka 1978, mna prosesa ya Intel 8080, lakini prosesa hiyo hushughulika na kusoma kibodi na kuendesha skrini, basi. Ukibonyeza "a", terminali iliyo hewani, yaani inayowasiliana na kompyuta, haiichori palepale. Huituma, na kompyuta ndiyo huirudisha ichorwe. Herufi unayoiona imekwenda ikarudi. Ukilishika hilo, nusu ya matatizo ya terminali utayatambua kwa kuangalia skrini tu.

Namba nyingine zinazokuja si herufi, ni maagizo. Kwenye VT100, alama ya ESC ikifuatwa na `[2J` hufuta skrini, na ESC ikifuatwa na `[H` hupeleka kielekezi kona ya juu kushoto. Maagizo hayo ya mtindo wa ANSI ndiyo yanayotumiwa na programu hadi leo, ndiyo maana kifaa cha 1978 huweza kuingia kwenye Linux mpya bila kuongezewa kitu. Si terminali zote zinazungumza hivyo. ADM-3A ya Lear Siegler, ya mwaka 1976, ina lugha yake fupi zaidi, na mishale yake imechapwa juu ya vitufe vya H, J, K na L. Wanaotumia kihariri cha maandishi cha `vi` sasa wanajua vidole vyao vilirithi wapi. Familia ya IBM 3270 ni kitu kingine kabisa. Hutumia kebo ya koaksia na hupeleka ukurasa mzima kwa pamoja, kwa hiyo maelezo yanayofuata hayaihusu.

Kabla ya kuchomeka umeme, tazama nyuma. Terminali nyingi zina swichi ya kuchagua volti 115 au 230, na iliyowekwa 115 ikipewa 230 huunguza saketi ya umeme mara moja. Ndani, tafuta kapasita za karatasi zilizo kwenye kichujio cha umeme. Ganda lake angavu likiwa na nyufa, unyevu umeshaingia, na ikiwashwa huweza kupasuka na kujaza chumba moshi mkali. Ibadilishe kwanza. Tyubu ya picha nayo ina volti elfu kadhaa, mara nyingi zaidi ya 10,000, na chaji hiyo huweza kubaki hata plagi ikiwa imeng'olewa. Asiyejua kuitoa chaji hiyo asifungue kifuniko. Hapa hakuna njia ya mkato.

Ukungu wenye madoa yanayotambaa kutoka kingo za skrini huwatisha wengi wakidhani tyubu imekufa. Kwenye VT100 na nyingine za rika lake, kioo cha kinga kimegandishwa mbele ya tyubu kwa gundi, na gundi hiyo ndiyo inayooza. Picha iliyo nyuma yake mara nyingi ni nzima. Kibodi ya VT100 huingia kwa plagi ya duara ya robo inchi, kama ya vipokea sauti vikubwa. Usiiwashe bila kibodi, maana taa zake ndizo zinazotoa matokeo ya jaribio la kuanza.

Sasa kebo, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Poti ya siriali ya RS-232 kwenye terminali kwa kawaida ina pini 25. Pini 2 hutuma, pini 3 hupokea, pini 7 ni ardhi. Poti ya pini 9 kwenye kompyuta au kwenye adapta ya USB imegeuzwa: 2 hupokea, 3 hutuma, 5 ni ardhi. Terminali na kompyuta zote zilitengenezwa zizungumze na modemu, kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu, iliyo katikati. Ukiondoa modemu, lazima nyaya zivuke, mtumaji wa huku akutane na mpokeaji wa kule. Kutoka pini 25 kwenda pini 9, kuvuka huko hutokea kwa kuunga 2 na 2, 3 na 3, 7 na 5. Kutoka 25 kwenda 25 ni 2 na 3, 3 na 2, 7 na 7. Kebo ya dukani ya 25 kwa 9 iliyokusudiwa modemu huunga 2 na 3, ikawakutanisha watumaji wawili. Skrini hubaki kimya, na hakuna mpangilio wowote utakaoiamsha.

Kama huna uhakika na pini, chukua mita. Waya wa kutuma ukiwa umetulia huwa na volti hasi dhidi ya ardhi, kwa kawaida kati ya −5 na −15. Pini yenye hasi hiyo, ikiwa upande wa pili haujachomekwa, ndiyo inayotuma. Waya wa kupokea huwa karibu na sifuri. Ni kwa sababu hiyohiyo adapta ndogo za volti 3.3 au 5, zile za kuunganishia vibao vya elektroniki, hazifai hapa. Volti za terminali zitaziua, na isitoshe 1 na 0 zake zimepinduliwa. Nunua adapta iliyoandikwa wazi kuwa ni ya RS-232. Terminali za DEC za mwishoni mwa miaka ya 80 huweza kuwa na soketi ndogo ya pini 6 iitwayo MMJ. Inafanana na ya simu, ila kishikizo chake kiko pembeni, na plagi ya simu haiingii.

Terminali nyingine hazitumi chochote mpaka zione ishara za modemu kwenye pini 5, 6 na 8. Zidanganye ndani ya plagi yake: unga 4 na 5, kisha 6, 8 na 20 pamoja.

Kabla ya kuishirikisha kompyuta, fanya majaribio mawili. Weka terminali kwenye hali ya ndani, isiyotegemea waya, kisha chapa. Herufi zikionekana, kibodi na skrini ni nzima. Halafu irudishe hewani na uguse pini 2 na 3 za terminali pamoja kwa kipande cha waya. Unachokichapa kitatoka na kurudi mlemle. Kisiporudi, tatizo liko kwenye saketi ya siriali ya terminali, au inangoja zile ishara za modemu.

Kasi na muundo wa biti hazijadiliwi kwenye waya. Hakuna upande unaoutangazia mwingine, lazima uweke mwenyewe kote kuwili. Anza na kasi ya biti 9600 kwa sekunde, biti 8 kwa herufi, bila biti ya ukaguzi, biti 1 ya kufungia. Kila herufi huchukua biti 10 ukihesabu ile ya kufungulia, hivyo zinapita herufi 960 kwa sekunde, na skrini ya safu 80 kwa mistari 24, yaani herufi 1,920, hujaa kwa sekunde 2. Kwa kasi ya 300 ingechukua sekunde 64. Kwenye VT100, bonyeza SET-UP, kisha 5 kuingia ukurasa B. Kitufe cha 7 hubadilisha kasi ya kutuma, 8 ya kupokea, na 6 hugeuza swichi iliyo juu ya kielekezi. Kasi hizo mbili zinajitegemea, na ukisahau ya kutuma, utasoma vizuri lakini kila unachochapa kitafika kikiwa takataka. Swichi ya mwisho ya kundi la 4 ni ya umeme wa 50 au 60 Hz, na ikikosewa picha huweza kuyumba. Maliza kwa Shift-S ili mipangilio ihifadhiwe, la sivyo itapotea ukizima.

Upande wa Linux, adapta ya USB kwa kawaida huonekana kama `ttyUSB0`. Amri hii huleta mahali pa kuingilia:

`sudo agetty -L ttyUSB0 9600 vt100`

Herufi L huiambia isingoje ishara ya modemu, na neno la mwisho hutaja aina ya terminali. Ukishaingia, andika:

`stty rows 24 cols 80 ixon`
`export LANG=C`

Ukitaka idumu, kuna huduma ya `serial-getty@ttyUSB0.service`, lakini mara nyingi huanza na kasi ya 115200, ambayo VT100 haiifikii. Badilisha mstari wake wa ExecStart kwa `systemctl edit` kwanza.

Kosa husomeka kwenye skrini yenyewe. Takataka tupu kila mahali ni kasi zisizolingana. Kila herufi ikitokea mara mbili, terminali inajichorea huku kompyuta nayo inarudisha, hivyo zima mwangwi wa terminali. Mistari ikishuka kama ngazi, kila mmoja ukianzia pale wa juu ulipoishia, anayetuma anashusha mstari bila kurudisha kielekezi mwanzoni. Andika `stty onlcr`. Ukiona `[2J` au `[1;31m` zimeandikwa waziwazi, thamani ya TERM, yaani aina ya terminali ambayo programu zimeambiwa, si ya terminali hiyo.

Gumu zaidi ni pale baadhi ya herufi zinapokuwa sahihi na nyingine zimeharibika. Hiyo ni biti ya ukaguzi. Tuseme terminali inatuma biti 7 na ukaguzi wa shufwa, yaani biti ya ziada inayofanya idadi ya moja igawanyike kwa mbili, na kompyuta inangoja biti 8. Urefu wote ni biti 10, kwa hiyo hakuna kinachokatika. "A" kubwa ni 1000001, ina moja mbili, tayari ni shufwa, hivyo biti ya ukaguzi ni 0 na herufi hufika salama. "a" ndogo ni 1100001, ina moja tatu, biti ya ukaguzi inakuwa 1, na kompyuta inasoma namba nyingine kabisa. Basi jina la mtumiaji hukubali herufi hizi na kukataa zile, na mtu huanza kuilaumu kibodi.

Maandishi yakitoweka katikati ya faili ndefu, terminali imezidiwa. VT100 ikiwekwa kusogeza mistari taratibu hupandisha mistari 6 hivi kwa sekunde. Ikijaa hutuma Ctrl-S kuomba kompyuta ingoje, na ikipata nafasi hutuma Ctrl-Q. Ndiyo kazi ya `ixon`. Programu zinazotaka Ctrl-S kwa shughuli zao, kama kihariri cha Emacs, huweza kuuzima utaratibu huo, na adapta za USB huchelewa kuutii kwa sababu zina herufi nyingine zilizokwisha kujipanga. Kushuka hadi 4800 au 2400 huponya haraka kuliko kuhangaika na mipangilio. Na skrini ikiganda ghafla bila dalili nyingine, jaribu Ctrl-Q kabla ya kuzima chochote, kwa maana huenda kidole kiligusa Ctrl-S.

Ukiondoka mezani, punguza mwanga hadi picha ipotee. Maandishi yaleyale yakikaa kwa muda mrefu hula fosfori ya tyubu na kuacha kivuli cha kudumu, kama kile cha neno la kuingilia kinachosomeka kwenye terminali nyingi za zamani hata zikiwa zimezimwa.