Kanuni za ngome kwenye lango la simu za intaneti

Lango la simu za intaneti ni kifaa kinachounganisha laini za kawaida za simu na mtandao wa kompyuta. Ukipiga ukiwa mezani kwako ofisini, sauti yako husafiri ikiwa vipande vidogo vya data hadi kwenye lango, nalo huvigeuza na kuvitoa kwenye laini. Ukipigiwa kutoka nje, kazi hiyo hiyo hufanyika kinyume. Nyuma ya kifaa hiki, basi, kuna laini zinazolipiwa kwa dakika. Anayeingia humo bila ruhusa haji kutafuta mafaili, anakuja kupiga simu kwa fedha zako. Kwa hiyo mimi hupanga kanuni za ngome kabla ya kuunganisha hata simu moja.

Ngome, ambayo wengine huiita ukuta wa moto, hufanya kazi ya bawabu. Kila pakiti, yaani kipande kimoja cha data, inapofika, bawabu hutazama imetoka anwani gani, inakwenda wapi, inataka poti (mlango wenye namba kwenye kifaa) namba ngapi, na imekuja kwa UDP au TCP, njia mbili za kusafirisha data. Kisha husoma kanuni zake kuanzia juu kwenda chini. Kwenye ngome nyingi, kanuni ya kwanza inayolingana na pakiti ndiyo inayoamua, na zilizo chini yake hazisomwi tena. Ukiweka juu kabisa kanuni ya kumruhusu kila mtu, hata kama uliiweka kwa dakika tano tu za kujaribu, zote zilizobaki ni maandishi matupu.

Ugumu wa simu ni kwamba inapita njia mbili. Njia ya kwanza ni ya ishara: fulani anapiga, simu inalia, amepokea, amekata. Lugha ya ishara hizo ni SIP, ambayo kiwango chake kinachotumika hadi leo kilitolewa mwaka 2002, na poti yake ni 5060, au 5061 ishara zikifichwa kwa usimbaji uitwao TLS. Njia ya pili ni ya sauti yenyewe, inayosafiri kwa RTP, utaratibu wa kubeba sauti, na hii haina poti moja maalumu. Pande mbili hukubaliana papo hapo, ndani ya ishara, sauti ipite poti zipi. Asterisk, programu ya kuendeshea simu za ofisi, kwa mfano, katika faili lake la mfano la mipangilio hutenga poti 10000 hadi 20000.

Hapo ndipo mafundi wengi hukwama. Wanafungua 5060, simu inalia, wanafurahi. Mteja anapiga, dada wa mapokezi anapokea: “Haloo? Haloo, nakusikiliza... haloo?” Mteja anamsikia vizuri kabisa, lakini dada hasikii kitu. Ishara zimepita na sauti ya kutoka ndani imetoka, ila pakiti za sauti zinazoingia kutoka nje, hamsini kila sekunde, zinaishia mikononi mwa bawabu ambaye hajaambiwa lolote juu yake. Dawa si kufungua kila kitu. Ofisi yenye laini nane haihitaji poti elfu kumi. Punguza kwenye lango lenyewe, tuseme 10000 hadi 10100, kisha ruhusu hizo hizo kwenye ngome, namba zilingane pande zote mbili. Na muulize mtoa huduma, yaani kampuni inayokuletea simu kupitia intaneti, sauti hutoka anwani zipi, maana mara nyingi si zile zinazotuma ishara.

Kuna ugonjwa mwingine ambao ukishaujua hutausahau kamwe. Simu inaingia, inapokelewa, watu wanaongea, na kwenye sekunde ya 32 inakatika. Kila mara ni 32. Lango lilipopokea simu lilituma taarifa ya kupokea, likasubiri kuthibitishiwa. Uthibitisho haukufika, ama ngome imeuzuia au lango lilijitambulisha kwa anwani ya ndani kama 192.168.1.10, ambayo mtu wa nje hawezi kuifikia. Kanuni za SIP zinataka lango lirudie taarifa hiyo kwa sekunde 32, kisha likate. Ukiona namba hiyo, acha kulaumu laini. Katazame anwani ya nje iliyoandikwa kwenye lango, na uzime kwenye ruta kile kipengele kiitwacho SIP ALG, ambacho kiliwekwa kusaidia lakini mara nyingi huvuruga anwani zilizomo ndani ya ishara.

Sasa wezi. Acha 5060 wazi kwa dunia nzima, kisha usome kumbukumbu za lango asubuhi. Utakuta anwani moja usiyoijua imejaribu kujisajili kama simu namba 100, ikaja 101, 102, ikaendelea hivyo usiku kucha. Si mtu aliyekaa macho, ni programu. Mojawapo, SIPVicious, iliandikwa kwa ajili ya wakaguzi wa usalama, lakini wahalifu nao huitumia. Ikipata simu ambayo neno lake la siri ni sawa na namba yake, mwizi hungoja Ijumaa usiku, ofisi ikiwa tupu, aanze kupiga namba ghali za nchi za mbali ambazo mapato yake anagawana na mwenye namba. Jumatatu bili ni yako, kwa sababu simu zimetoka kwenye laini yako.

Ndiyo maana swali la kujiuliza si “nifungue poti ipi?” bali “nani hasa ana haja ya kuongea na lango hili?” Kwa ofisi nyingi jibu ni fupi. Mtoa huduma, kwa anwani zake tu, apite kwenye ishara na sauti. Simu za matawi zipite kwa VPN, yaani njia ya faragha iliyofichwa ndani ya intaneti. Ukurasa wa usimamizi ufunguke kutoka kompyuta ya fundi, si kwingine. Majibu ya mazungumzo yaliyoanzia ndani yaruhusiwe. Kanuni ya mwisho kabisa: wengine wote wazuiwe, na majaribio yao yaandikwe. Kubadilisha 5060 kuwa namba nyingine hupunguza kelele tu, hakumzuii anayetafuta kwa bidii.

Ukimaliza, usijaribu ukiwa ndani ya ofisi. Toka na simu yako ya mkononi, Wi-Fi imezimwa. Piga, zungumza zaidi ya dakika moja, hakikisha pande zote mnasikilizana. Acha dakika kumi zipite kimya, kisha upige tena, kwani ruta nyingi husahau njia ya UDP iliyokaa bila kazi, na lango lisilotuma salamu mara kwa mara kwa mtoa huduma litapiga nje vizuri lakini halitapigika. Halafu, kwa intaneti hiyo hiyo ya nje, andika anwani ya ukurasa wa usimamizi. Ukiona hata kisanduku cha kuandikia neno la siri, rudi ndani, kazi haijaisha.