Uwajibikaji wa mtu na mkono wa Serikali katika unene wa masikini

Unene wa kupindukia ni hali ya mwili kulimbikiza mafuta kiasi cha kuhatarisha afya. Hospitali hupima kwa kuugawa uzito wa mtu kwa kilo kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe: mtu mzima anayefikia 25 amezidi uzito, na anayefikia 30 anahesabiwa kuwa mnene wa kupindukia. Hali hiyo huvuta kisukari, presha na maradhi ya moyo, na ndipo linapozuka suala la nani abebe dhima yake.

Wanaoshikilia uwajibikaji wa mtu binafsi husema kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayechagua anachokula na namna anavyoushughulisha mwili wake, kwa hiyo matokeo ni yake. Hapa Unguja na Pemba hoja hii ina mizizi, kwa kuwa dini inakataza israfu na inauhesabu mwili kuwa amana. Vikundi vya mazoezi vinavyokimbia barabarani alfajiri, na ambavyo hukutana kila Januari 1 kwa siku ya mazoezi ya kitaifa, vinathibitisha kwamba watu wanaweza kujisimamia bila ya kulazimishwa. Uingiliaji kati wa Serikali, kwa upande wake, ni kutumia sheria, kodi, ruzuku, elimu au mipango ya miji ili kuyabadilisha mazingira ambamo mtu anachagua. Marufuku ni sehemu ndogo tu ya uingiliaji huo.

Wengi bado wanaamini kwamba unene ni alama ya neema na kwamba masikini hawezi kunenepa. Lakini mchele, unga wa ngano, sukari na mafuta ya kupikia, vyakula vinavyonenepesha, ndivyo vinavyoshibisha watu wengi kwa pesa kidogo. Vinauzwa kwa vipimo vidogo katika duka la mtaani na vinakaa bila ya friji. Samaki, mboga na matunda vinaharibika upesi, na pesa ile ile inayonunua wali wa kushibisha nyumba nzima hainunui samaki wa kuwatosha wote. Mama wa Jang'ombe, mtaa wa mjini Unguja, anayelisha watu wanane kwa alichokiuza siku hiyo, akiamua kununua mchele na mafuta, amepiga hesabu sahihi, na mimi siwezi kuiita hesabu hiyo uzembe. Ndiyo maana katika nyumba moja huweza kukutwa mama mnene na mtoto aliyedumaa, hali ambayo wataalamu wa lishe huiita mzigo maradufu wa utapiamlo: shibe ipo, lakini virutubisho havipo.

Madrasa tulifundishwa kwamba taklifu, yaani wajibu anaobebeshwa mtu na dini, hufuata uwezo. Nikiipima dhana ya uwajibikaji kwa kanuni hiyo, naona kwamba dhima ya mtu inaishia pale uchaguzi wake unapoishia, na kumkaripia mgonjwa masikini kliniki kwa kula chakula pekee anachokimudu ni dhulma, hata kama anayekaripia ana nia njema.

Mfano wa uingiliaji unaotajwa sana ni kodi ya vinywaji vyenye sukari. Chupa ya soda ya mililita 350 huweza kuwa na sukari ya zaidi ya gramu 35, ilhali Shirika la Afya Duniani linaona ni bora sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Meksiko ilianza mwaka 2014 kutoza peso moja kwa kila lita, na ununuzi wa vinywaji hivyo ukapungua, hasa katika kaya za kipato cha chini. Uingereza mwaka 2018 ilipanga kodi yake kwa kufuata wingi wa sukari, na viwanda vingi vikapunguza sukari katika vinywaji vyao ili kuikwepa. Hapo aliyebadilika kwanza ni mtengenezaji.

Wapinzani wa kodi hizi hujibu kwamba shilingi moja ya kodi humwuma masikini zaidi kuliko tajiri. Wanasema kweli, na ukweli huo unatosha kukataza kodi ya mchele au ya mafuta ya kupikia, kwa sababu mnunuzi hana pa kukimbilia. Soda ni jambo jengine, mradi maji safi yanapatikana na pesa inayokusanywa inarudi kwa walioitoa, kwa mfano kupitia chakula bora cha skuli.

Kwa Zanzibar, ushuru wa forodha ni jambo la Muungano, kwa hivyo bei ya vinywaji na vyakula vinavyotoka nje haiamuliwi na Baraza la Wawakilishi peke yake. Afya si jambo la Muungano: vinavyouzwa kwenye mageti ya skuli, ushauri wa lishe katika vituo vya afya, barafu ya kuhifadhia samaki sokoni na viwanja ambamo wanawake wanaweza kufanya mazoezi kwa stara, vyote vimo mikononi mwa Serikali ya Mapinduzi na mabaraza ya manispaa.