Sikio la mbwa linalougua kila mara: tatizo si uchafu tu

Mbwa akianza tena kutikisa kichwa na kujikuna sikio, wengi husema hasafishwi vizuri. Basi wanazidisha kusugua, tena kwa vijiti vya pamba. Hapo ndipo mambo huharibika: mfereji wa sikio la mbwa hushuka chini kisha hukata kona kuingia ndani, hivyo kijiti husukumia nta kwenye kona na kuchubua ngozi.

Maambukizi yanayorudi mara nyingi huanzia kwenye mzio, wa chakula au wa vitu kama vumbi na chavua. Ngozi ya sikio huvimba, nta huongezeka, na fangasi na bakteria waliokuwamo kwa uchache huzaliana. Mwangalie kama analamba nyayo pia, maana hiyo nayo huweza kuwa dalili ya mzio. Ukiiona, mtajie daktari wa mifugo.

Daktari huchukua uchafu kidogo, huutazama kwa hadubini, ndipo achague dawa, kwa kuwa dawa ya fangasi haiui bakteria. Hukagua pia kiwambo cha sikio: kikiwa kimetoboka, baadhi ya dawa zinaweza kumletea uziwi. Kwa hiyo ile chupa iliyobaki kabatini tangu mara ya mwisho, iache. Na dozi imalizwe, hata harufu ikiisha mapema.