Kambi Rubondo: muogope kiboko, si simba

Swali la kwanza la wageni ninaowaongoza Rubondo huwa ni simba. Hakuna. Kisiwa hiki cha Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, hakina mla nyama mkubwa wa nchi kavu, ndiyo maana tunazunguka msituni kwa miguu, askari wa hifadhi akitangulia. Mimi anayeninyima usingizi ni kiboko.

Mchana yumo majini. Giza likiingia hupanda kula majani, na hupenda kupita njia zake zile zile. Mgeni huvutiwa na nyasi fupi karibu na maji, panapoonekana kama pamefyekwa. Pamefyekwa kweli, na mfyekaji anarudi usiku huo huo. Kwa hiyo kabla ya kupiga hema kwenye eneo mlilopangiwa, tafuta kinyesi kilichotapanywa vichakani na mifereji iliyokanyagwa kuelekea ziwani. Ukiviona, sogea juu. Usiku usikae kati ya kiboko na maji: akishtuka hukimbilia majini, na hakukwepi.

Sababu ya pili ya kuukimbia ufuko ni dhoruba. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa, basi upepo huvuma kutoka pande zote kwenda majini, hewa ikakutana huko, ikapanda na kujenga mawingu. Ndiyo maana jioni mbingu ni safi, alfajiri mnalowa. Kaza kamba zote za hema hata kama hakuna dalili. Na nahodha wa boti ya Nkome au Muganza, mnakovukia kuja kisiwani, akisema tusubiri kwanza, subirini, hata kama ratiba inawauma.

Kuoga ziwani sahau. Mamba wapo, kichocho nacho.

Wengi hufuata sokwe. Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, aliwaleta kutoka bustani za wanyama za Ulaya kati ya 1966 na 1969, kabla kisiwa hakijawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Wajukuu zao leo wanajitafutia chakula wenyewe, na kuwaona ni bahati. Mimi nampenda zaidi nzohe, swala wa kinamasi, mwenyeji wa asili, mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame kwenye tope. Tulia kando ya matete asubuhi na mapema, bila redio tafadhali.

Lipeni ada za hifadhi kwa kontroli namba, yaani namba ya malipo ya serikali, kabla ya kuvuka. Unga, mafuta na jiko la gesi njooni navyo, ila si kwenye mifuko ya plastiki. Ilipigwa marufuku nchini tangu 2019.