Bangi ya Tiba kwa Anayepona Anoreksia: Maswali na Majibu

Swali: Binti yangu ameanza kupona anoreksia, maradhi ya kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa. Asema akivuta bangi kidogo kabla ya chakula cha usiku, humaliza sahani. Je, hiyo si dawa?

Jibu: Ni kweli kwamba THC, kemikali inayolevya ndani ya bangi, huamsha hamu ya kula. Ndiyo sababu Marekani iliidhinisha dronabinoli, kidonge cha THC ya maabara, mwaka 1985 kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani na mwaka 1992 kwa wenye UKIMWI waliokonda. Anoreksia haimo katika idhini hiyo, kwa kuwa mwenye anoreksia mara nyingi njaa anaisikia, ila anaikataa kwa hofu ya kunenepa. Katika jaribio la Denmark la 2014, wanawake walioumwa kwa miaka mingi walimeza kidonge hicho wiki nne, wakaongeza takriban gramu 730 tu zaidi ya uzito walioupata walipomeza kidonge kisicho na dawa. Tena hicho ni kidonge kilichopimwa, si msokoto wa kichochoroni.

Swali: Vijana wa mtaani husema bangi haina arosto, yaani mateso ya mwili anapoiacha aliyeizoea.

Jibu: Inayo, ingawa si ya kugaagaa kama ya heroini. Huanza siku moja au mbili baada ya kuacha, hukaza wiki ya kwanza, na huweza kufika wiki mbili au zaidi: hasira, kukosa usingizi na, kwa bahati mbaya, kukosa hamu ya kula. Siku ya tatu mahamri na mbaazi hayamshuki, naye huamini kwamba bila bangi hawezi kula kabisa, kumbe anayemfunga koo ni bangi yenyewe.

Swali: Niangalie nini?

Jibu: Angalia kama kiasi kinapanda na kama haketi mezani kabla hajavuta. Akitapika mara kwa mara huku akitafuta nafuu kwenye maji ya moto bafuni, usikimbilie kusema ni bulimia, maradhi ya kula kupita kiasi kisha kujitapisha, kwani bangi ya muda mrefu nayo huleta hali hiyo.

Swali: Nimpokonye?

Jibu: Hapana. Bangi ni marufuku kwa sheria ya mihadarati ya Kenya ya 1994, lakini ukimtisha kwa polisi atavuta kwa siri. Mweleze daktari wake, atibu anoreksia na uraibu wa bangi kwa pamoja, apange siku ya kuacha na chakula cha wiki hizo mbili. Bangi huharakisha mapigo ya moyo, kwa hiyo mwili uliokonda upimwe moyo kwanza. Kwa ushauri wa uraibu, piga 1192, laini isiyotozwa ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na mihadarati.